Nusu ya Karatasi ya Njugu

Simpendi Senge. Naandika wazi kwa sababu kwenye daftari hakuna wa kuniambia nirudie kwa sauti.

Senge ni dada ya baba. Kwetu magharibi shangazi tunamwita hivyo. Anaishi ploti moja na sisi hapa Huruma, mlango wa tatu kutoka kwetu, na mbele ya geti ana kibanda cha mafuta ya kujipaka, manukato na nywele za kusuka. Baba yuko Naivasha kwenye mjengo, anarudi mwisho wa mwezi akiwa amechoka na hataki kesi. Kwa hivyo mkubwa wetu hapa ni Senge, na hakosi kutukumbusha.

Mimi ananiita Bubu. Niko kidato cha tatu, insha ya kurasa nne naandika bila shida, lakini mtu mzima akinitazama usoni maneno yananikwama kooni kama ugali mkavu. Darasani najibu kwa mabega. "Bubu, salimia wageni," Senge husema, na wageni wanacheka kabla hata sijafungua mdomo, na mimi naangalia vidole vya miguu yangu mpaka waondoke.

Ndugu yangu mdogo alizaliwa mwaka jana, wakati mama alikuwa ameshaacha kungoja. Miaka yote hiyo alidhani nitabaki peke yangu. Alipopata huyu mvulana alikuwa anamwamsha usingizini kuhakikisha anapumua. Likizo ya uzazi ilipoisha akarudi kiwandani Industrial Area, kushona mifuko ya suruali, na mtoto akawa anashinda kwa Senge mpaka nitoke shule.

Akashikwa na upele. Kwenye mapaja na matako palikuwa pekundu kama nyama ya pale Kiamaiko ikiwa imeanikwa kwenye ndoano. Alikuwa analia akikojoa. Senge akachota mafuta meupe kutoka kwa kopo lake kubwa, akampaka, akamfunga nepi, akavuta juu yake suruali ya nailoni ili mkojo usipite. Siku ya pili upele ulikuwa umekwisha. Sisemi ulikuwa umepungua, ulikwisha kabisa. Mama nusura apige magoti.

"Sasa mpake kila ukimbadilisha," Senge akamwambia, "usingoje urudi." Akatupimia mafuta yale kwenye kopo tupu la siagi, likajaa.

Nilijua yale mafuta yanatoka wapi kwa sababu niliyakamua mwenyewe. Jumamosi ndiyo siku ya kuchanganya. Senge anatoa beseni la buluu, anamwaga mafuta ya mgando, anaongeza poda na matone ya marashi, na kazi yangu ni kukamua tyubu. Ni tyubu ndogondogo za dawa ya ngozi analetewa kwa mfuko mweusi na jamaa mmoja asiyeshuka kwenye pikipiki. Nilikuwa nazikunja kutoka mkiani mpaka zisibaki na kitu. Maboksi tunachoma. Zile karatasi nyembamba zilizokunjwa ndani ya boksi tunanyoosha, tunaweka jiwe juu, mama njugu anapita kuzichukua. Anafungia njugu. Yeye hutuachia kila mmoja wetu mfuko wa njugu moto, na mimi hiyo niliihesabu kuwa ndiyo faida ya Jumamosi.

Hakuna mtu huku anayenunua kitu na boksi lake. Mafuta ya kupika tunapimiwa, sukari tunapimiwa, sabuni ya unga tunapimiwa. Kwa hivyo ukienda kwa Senge na kikopo chako akakupimia mafuta ya uso, utauliza boksi liko wapi? Utachekwa. Wamama walikuwa wanayapaka usoni, wengine mikononi, wengine watoto. Yalikuwa yanafanya kazi, na hilo lilitosha.

Hata mimi nilijipaka. Nilikuwa na chunusi, na kuna kijana wa kidato cha nne ambaye simtaji hata hapa. Zilipotea. Nilipomaliza kale kadogo nilikoiba, uso ukawaka na chunusi zikarudi zikiwa nyingi kuliko mwanzo. Nilidhani ni adhabu ya kuiba. Naandika hili kwa sababu lilikuwa linaniambia kitu, na sikusikia.

Mtoto akanona. Hivyo ndivyo kila mtu alisema, amenona. Mashavu yakawa mviringo, yanang'aa, mpaka macho yakawa madogo katikati. Kidevu kikazaa kidevu. Ploti nzima ikamwita Mdosi, yaani tajiri. "Mdosi ameamka?" "Niaje Mdosi, leo umekula nini, mbuzi mzima?" Senge alikuwa anamkalisha mbele ya kibanda kama bango. "Mnaona kile mafuta yangu yanafanya? Huyu hata baridi haimjui."

Mama alifurahi. Mimi pia, sitadanganya. Nilipenda kumbeba nikipita kwa wasichana wanaonicheka, kwa sababu walikuwa wanaacha kunicheka wakimcheka yeye.

Lakini ni mimi niliyekuwa namwogesha. Nikimvua, niliona uso ni wa mtoto mmoja na miguu ni ya mwingine. Mapaja yalikuwa membamba, hayafanani na mashavu. Mgongoni na kwenye paji la uso alikuwa ameota vinywele vyeusi laini. Ngozi ya mapajani ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa unaihesabu. Mtoto wa jirani aliyezaliwa baada yake alikuwa tayari anakaa mwenyewe. Wetu ukimkalisha anaporomoka pembeni kama gunia la maharagwe.

"Ni uzito," Senge akasema. "Wadosi hawana haraka."

Siku ya njugu ilikuwa Ijumaa. Nilinunua kwa mama njugu nikitoka shule, nikala zote, nikafungua ile karatasi kulamba chumvi. Ilikuwa ya boksi la tyubu zetu, nililijua jina. Sijawahi kuisoma hata moja, na nimenyoosha labda mamia. Ilikuwa Kiingereza cha maandishi madogo kama sisimizi. Ilisema dawa hii ni kali. Ilisema isitumiwe kwa watoto wachanga, isipakwe kwa siku nyingi, isifunikwe na nepi wala nailoni, kwa sababu inaweza kupita kwenye ngozi ikaingia mwilini na kuvuruga homoni. Ilitaja uso kuwa mviringo. Halafu kulikuwa na kichwa kipya cha habari juu ya kuacha dawa, na hapo ndipo karatasi ilipokuwa imechanwa. Mama njugu huchana kila karatasi mara mbili. Nzima hutoa koni kubwa mno, angepata hasara.

Nusu ile nyingine alikula mtu mwingine njugu zake.

Nilienda moja kwa moja kwa Senge. Alikuwa na mteja, mama mmoja wa ghorofa ya juu aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nikaweka karatasi juu ya meza.

"Nini hii? Ina mafuta ya njugu, toa kwa bidhaa zangu."

Nikaonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa watoto.

"Sema. Una mdomo ama umeuacha shule?"

"Imesema… watoto wasi…"

"Imesema! Wee mama, umesikia? Karatasi imesema, yeye ndiye hawezi kusema!" Yule mteja akacheka, akaziba mdomo. Senge akaendelea: "Nimelea watano, wote wako na meno yao. Leo nifundishwe na daktari wa njugu. Toka hapa, unaniletea mkosi."

Nilitoka. Nilikuwa nalia na mdomo wangu bado una chumvi.

Jioni nikamwambia mama. Kwa mama naweza kuongea, kidogo. Alikuwa amekaa kitandani miguu kwenye karai la maji, maana hutembea kutoka kiwandani.

"Upele uliisha ama haukuisha?" akaniuliza.

"Uliisha."

"Basi unataka nimwambie nini Senge? Kwamba mtoto wangu amenona sana? Nani anamshika nikienda kazi? Wewe?"

"Lakini mama, imeandikwa…"

"Mwanangu. Nimechoka."

Nikaamua mwenyewe. Jumatatu, nilipomchukua mtoto, nilikwangua lile kopo la siagi kwa kijiko mpaka chini, nikamwaga yote chooni, nikaliosha kwa maji moto. Nikalijaza mafuta ya mgando ya kawaida, na ili asijue mtu nikaongeza tone la marashi yaleyale ya Senge. Kopo alilokuwa nalo Senge kibandani, la kumpaka mtoto mchana, nikalibadilisha vilevile wakati amekwenda kuoga. Nilijiona mjanja. Nilijiambia, ngojeni muone nani ni bubu. Siku hiyo nilimpaka mtoto nikiimba.

Jumatano upele ukarudi, mbaya kuliko ule wa kwanza. Mama akaniambia, "Ongeza mafuta." Nikaongeza mgando. Akapata mafua, watoto wote wa ploti walikuwa na mafua wiki hiyo. Alhamisi akatapika maziwa. Ijumaa hakulia kabisa, hata nilipomwogesha kwa maji ambayo najua yalikuwa baridi.

"Meno," Senge akasema.

Jumamosi asubuhi mama alimchukua kumnyonyesha, na kichwa kikaanguka nyuma. Alikuwa baridi, jasho limemtoka, macho nusu wazi. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Leta shuka," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na tukakimbia. Senge alikuja nyuma na mfuko wa nepi.

Hospitali ya serikali ilikuwa imejaa, lakini yule muuguzi wa mlangoni alimtazama mtoto mara moja akatupitisha mbele ya foleni. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye raba miguuni. Akamtoboa kisigino, akaangalia mashine, akasema sukari iko chini sana. Akamvua. Akatazama uso, akatazama miguu, akapitisha kidole kwenye vile vinywele. Kisha akauliza bila kugeuka:

"Mtoto anapakwa nini?"

"Mafuta ya mtoto tu," Senge akajibu haraka. "Ya kawaida."

"Nauliza mama."

Mama akamtazama Senge. Hilo sitalisahau, na kwa hilo hata mama nina hasira naye mpaka leo. Mtoto wake amelala pale kama kitambaa kilicholowa, na yeye anaomba ruhusa kwa macho.

"Ni… ya kawaida," akasema.

"Hakuna cream? Dawa ya tyubu? Kitu cha kuchanganya? Msinifiche, sitaki kumkamata mtu. Nataka kujua nimpe sindano gani."

Senge alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinifinya mkono, juu ya kiwiko, akazungusha nyama. Naijua hiyo, maana yake ni funga mdomo. Nikaona nikifunga, hakuna mwingine atakayesema. Na nikiufungua nitalazimika kusema yote, hata lile langu. Mtoto akatoa sauti ndogo, kama kitoto cha paka.

"Ipo," nikasema.

"Nani amesema?" Daktari akageuka.

"Ipo cream. Ya tyubu. Nazikamua mimi. Tunampaka kila tukimbadilisha, tangu alipokuwa wa miezi mitatu. Halafu mimi… Jumatatu niliitupa. Nikaweka mgando. Hawajui." Yote yalitoka kwa pumzi moja. Nikatoa ile karatasi kutoka kwenye soksi. Nilikuwa natembea nayo tangu ile Ijumaa.

"Muongo huyu!" Senge akasema. "Ni mtoto hana akili, hata haongei…"

"Anaongea vizuri," daktari akasema. Akasoma jina kwenye karatasi, akaita muuguzi, na hapo kila mtu akaanza kutembea haraka. Sindano, dripu, maji ya sukari. Walitutoa nje ya pazia.

Alitoka baadaye kutueleza, akichora kwa kalamu mgongoni mwa karatasi yangu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Inatengeneza homoni ambayo mwili unaitegemea ukiwa na njaa au ukiugua. Ile cream ni homoni ya namna hiyohiyo, ila yenye nguvu zaidi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na chini ya nailoni inafyonza kama sponji. Basi ikiingia kila siku, ubongo unaona imejaa, unaacha kuziamrisha zile tezi, nazo zinalala. "Ule unono si afya," alisema. "Ni hiyo dawa. Na siku mkiitoa ghafla, ya nje haipo na ya ndani bado imelala. Mafua yalipokuja mwili ukatafuta, haukupata kitu."

"Kwa hivyo ni kuacha," mama akasema polepole.

"Kuacha ghafla. Ilitakiwa aletwe hapa, tumshushie dawa kidogo kidogo." Akanitazama. "Umefanya vizuri kusema. Ile ya kubadilisha kopo kimyakimya hukufanya vizuri. Karibu tumpoteze."

Nampenda yule daktari kwa kutonipaka sukari.

Mtoto alilazwa. Alirudi nyumbani na vidonge ambavyo tunasaga, robo asubuhi, robo saa nane, robo jioni, na kadi inayosema akishikwa na homa tuongeze na tumkimbize. Itachukua miezi, labda mwaka, mpaka tezi ziamke. Hatuviruki hata mara moja. Vijiko viwili, kimoja chini, kimoja juu, unasaga mpaka unga.

Mama hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alinikuta nasaga, akakaa karibu, akasema, "Ungeniambia umebadilisha."

"Nilikuambia ya karatasi. Hukusikia."

Sikuomba radhi. Mama aliacha kumpeleka mtoto kwa Senge. Siku hizi anashinda kwa mama mmoja wa kanisani.

Senge alipita mlango kwa mlango. "Mtoto alikuwa mzima mpaka Bubu akamgusa." Ninachomchukia zaidi ni kwamba hapo hakudanganya sana, na anajua. Baba alipiga simu kutoka Naivasha, akasema niombe msamaha kwa mkubwa. Nikaenda, nikasimama mbele ya kibanda, nikasema "Pole Senge" kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Beseni la buluu lilikuwa hapo, limejaa. Alikuwa amepata msichana mwingine wa kukamua.

Na Mdosi amekwisha. Mashavu yameshuka, uso umekuwa wa kawaida, mrefu kidogo, unafanana na wa baba. Vinywele vinapukutika. Juzi alikaa mwenyewe kwenye mkeka mpaka nikahesabu kumi na tano. Lakini watu wakipita wanauliza, "Huyu mtoto mnamnyima chakula? Mbona amekonda?" Senge anajibu kwa niaba yetu kutoka kibandani, "Waulizeni wenyewe, wamesoma."

Jana ndiyo imefanya nikae kuandika. Nilikuwa naanika nepi kwenye kamba ya uani, hatua chache nyuma ya kibanda, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Ni yule mama wa ghorofa ya juu, yule aliyecheka siku ya karatasi. Mtoto wake alikuwa kifuani. Mashavu mviringo, yanang'aa. Nilijua kabla hajatoa kikopo chini ya leso.

"Wewe msichana," akanong'ona, akitazama kibanda. "Nimesikia ulichosema kule hospitali. Sasa mimi pia nampaka huyu. Naenda kuitupa leo leo."

Aligeuka kuelekea chooni. Chooni kwetu, palepale nilipomwaga yangu.

"Usitupe!"

Sauti ilitoka kubwa. Sikujua ninayo. Redio ya Senge ikapunguzwa.

"Usiache kumpaka ghafla," nikasema, na sikunong'ona kwa sababu sikuwa na pumzi ya kunong'ona. "Utamuua. Mpeleke sasa hivi, na uende na hicho kikopo. Mwambie daktari umempaka kwa muda gani. Ukiambiwa ni mafuta ya kawaida, kataa. Mimi ndiye nilikuwa nakamua. Ni dawa ya tyubu, kali."

"Leo? Ni Jumapili."

"Hata wetu tulimpeleka wikendi. Mpeleke leo. Nitakusindikiza mpaka getini."

Tukapita mbele ya kibanda, yeye na mtoto na kikopo mkononi kisichofichwa, mimi na pini za nguo. Kulikuwa na wateja wawili. Mmoja wao akaangalia kikopo chake mwenyewe.

"Bubu," Senge akasema polepole, "unaniharibia kazi."

Nilimtazama usoni. Ana kovu dogo chini ya jicho la kushoto. Miaka yote hii sikuwahi kuliona.

"Ndiyo, Senge," nikamjibu, nikarudi ndani kusaga kidonge cha saa nane.